Shuka Mbili za Bweni

Mwalimu waliyemwita Mkasi hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alisimama mbele ya darasa, ripoti mkononi, akaifungua pale alipokuwa ameweka kijiti cha kiberiti, akasafisha koo.

"Sikilizeni mwenzenu anavyoandika," akasema. "'Nikiwa baba wa watoto wawili, niliumia sana kuona watoto wamelazwa bila mzazi karibu.'" Akainua macho, akayatupa moja kwa moja dirishani. "Baba Watoto, hebu simama tukuone."

Darasa zima likaangua kicheko. Binti aliyekaa dirishani akasimama, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Nyumbani na chuoni walimwita Taratibu. Kaka yake ndiye aliyembandika jina hilo tangu utotoni, kwa kuwa hata kamba za viatu alizifunga kama mtu anayeshona kidonda. Siku moja kaka alimwita hivyo getini, mbele ya wenzake, na jina likaingia naye chuoni.

"Watoto hawajambo?" Mkasi akamuuliza.

"Sina watoto, mwalimu."

"Umeandika unao. Wawili."

"Hayo sikuyaandika mimi."

"Hapo sasa ndipo ninapopataka." Mkasi akaifunga ripoti, akaigonga kwa kidole juu ya jalada, palipokuwa na jina la binti kwa herufi kubwa. "Maneno haya nayajua. Niliyasimamia mwenyewe. Yaliandikwa na kijana aliyekuwa na mke na watoto wake wawili, na leo ni muuguzi mwenye heshima zake. Sura yake ya nne umeibeba yote, hata koma hukumwachia. Jina lako Taratibu, ila kuiba umeiba upesi."

Wakacheka tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, maana mwalimu mwenyewe alikuwa ametabasamu na kicheko kilikuwa kimepewa ruhusa. Aliyekaa nyuma yake akamvuta sketi akamnong'oneza, "Baba Watoto, utatununulia nini sikukuu?" Taratibu hakugeuka. Aliomba aione ripoti. Mkasi akampa kwa ncha za vidole, kama anayetoa bandeji iliyokwisha tumika.

Akaisoma palepale, amesimama. Sura ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili yake, ya tatu yake: wodi ya watoto alikofanya mazoezi, vitanda, zamu, dawa, yote kama alivyoyaandika kwa mkono. Kisha katika sura ya nne, maoni na mapendekezo, akakutana na mtu asiyemjua, mwanamume, anayezungumza habari za mkewe na wanawe. Sura ya tano ilikuwa yake tena. Na mwisho kabisa, chini ya maneno ya kuapa kwamba kazi hii ni yangu mwenyewe, palikuwa na sahihi yake, imenyooka vizuri, haina wasiwasi wowote.

Alikuwa ameisaini bila kuisoma. Alikumbuka: alisoma jalada tu, akakimbilia ofisini kabla dirisha la kupokelea ripoti halijafungwa.

"Umeridhika?" Mkasi akauliza. "Sasa kaa. Utaitwa na wakubwa."

Barua ya wakubwa ilimfikia baada ya siku kadhaa. Mlezi wa wanafunzi, mama mnene aliyetembea huku akihema, alimkabidhi ukumbini, mbele ya watu, akamwambia aisome na atie sahihi kuwa ameipokea. Ilikuwa na muhuri wa chuo na sahihi ya mkuu wa taaluma. Ilisema anatuhumiwa kuwasilisha kazi ya mtu mwingine kama yake. Ilisema ajieleze kwa maandishi, kisha afike mbele ya kamati. Ilisema adhabu ya kosa hilo ni kufutwa chuo. Hayo yote aliyatarajia. Ambalo hakulitarajia lilikuwa mwishoni: *Aidha, unatakiwa kurejesha mara moja shuka mbili za bweni pamoja na ndoo ya bluu, ulivyoondoka navyo bila kibali.*

"Mama mlezi," akasema, "shuka zipi hizi?"

"Utazijua mwenyewe."

"Mimi si wa bweni. Nakaa kwa kaka yangu, unajua."

"Ninachojua ni kilichoandikwa. Mkuu hasaini ovyo. Kama wamekuandikia shuka, zitafute hizo shuka." Akamnyooshea kalamu. "Saini hapa, nina kazi nyingine."

Safari hii Taratibu aliisoma karatasi ya mapokezi yote, mpaka nukta ya mwisho, ndipo akatia sahihi. Mlezi akasonya.

Kaka yake alikuwa fundi wa friji, na nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na sebule ndogo iliyojaa majokofu ya watu yanayosubiri gesi. Taratibu alilala chumba kimoja na mtoto wa kaka. Mke wa kaka, wifi yake, alikuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala palepale getini mwa chuo. Duka lilikuwa chumba chembamba, kompyuta moja, printa mbili na kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya wanafunzi. Na wifi ndiye aliyeichapa ile ripoti.

Taratibu alikuwa hajamwambia neno tangu siku ya darasani. Alikuwa akilizungusha jambo hili kichwani, anatafuta pa kulianzia. Alichokuwa amekiona ni kwamba siku mbili za mwisho wifi alikuwa mwema kupita kawaida. Alimpakulia chakula yeye kwanza. Alimwachia maji ya moto ya kuoga. Alimwuliza kama miguu inamuuma kwa kutembea. Wifi alikuwa mtu wa mdomo mkali na moyo mzuri, na huo mdomo ulipotulia ghafla, Taratibu alihisi nyumba imebadilika harufu.

Walipokwisha kula, akamtolea kaka ile barua. Kaka akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma maelekezo ya mashine mpya. Alipofika kwenye kufutwa chuo, akasimama, akajifuta uso kwa kiganja, akaendelea. Alipofika mwisho, akakunja uso.

"Shuka? Mdogo wangu, umechukua shuka za watu?"

"Aa, hizo ni za yule kijana aliyehama bweni na..." akasema wifi kutoka mlango wa jikoni, na hapohapo mdomo ukabaki wazi.

Jokofu moja likanguruma likanyamaza. Kaka akamtazama mkewe. Taratibu naye akamtazama.

"Umejuaje, wifi?"

"Nimejua nini?"

"Kwamba ni za kijana. Kwamba alihama."

Wifi akaanza kufuta mikono kwenye kanga, mikono iliyokuwa mikavu. "Watu husema."

"Barua hii umeichapa wewe," Taratibu akasema. Hakuuliza. Vipande vilikuwa vimekaa vyenyewe: mashine ya masijala ya chuo ilikufa tangu muhula uliopita, na kila barua ya chuo, hata ya likizo, ilichapwa getini. "Umeichapa barua ya kunifukuza. Kisha ukarudi nyumbani ukanipakulia chakula."

"Ungetaka nikunyime?"

"Ningetaka uniambie."

"Nikuambie nini? Mimi naletewa karatasi, nachapa. Sisomi. Ningekuwa nasoma kila ninachochapa ningekuwa profesa."

"Jina langu ulilisoma."

Kaka, ambaye alikuwa bado hajaelewa, akaweka barua mezani. "Hebu nielezeni kama mtoto. Shuka za mtu mwingine zimeingiaje kwenye barua ya mdogo wangu?"

Aliyemweleza alikuwa Taratibu, maana alikuwa amekaa nyuma ya ile kaunta siku nyingi akimwangalia wifi akifanya kazi. Wifi hakuanza kitu chochote kwenye ukurasa mtupu. Alifungua kazi ya zamani inayofanana na hiyo mpya, akafuta maneno ya zamani kipande kwa kipande huku akichapa mapya juu yake. Hivyo jalada, majedwali na vipimo vya chuo vilikuwa tayari. Mwenyewe njia hiyo aliiita kurithi. Mteja akimwuliza itachukua muda gani, husema, "Haichelewi, nairithi." Barua ya Taratibu ilirithiwa kutoka kwenye barua ya kijana wa shuka, na kipande cha mwisho kikasahaulika. Ripoti ya Taratibu ilirithiwa kutoka kwa muuguzi mwenye watoto wawili, kwa kuwa wodi ilikuwa ileile. Na sura ya nne haikuguswa.

"Ilisahaulika," kaka akasema.

"Haikusahaulika," wifi akasema, na sasa ule mdomo wake ulikuwa umerudi. "Umeme ulikuwa unakwenda na kurudi. Foleni imefika barabarani. Na huyu bibi wa taratibu ananiletea karatasi zake siku ya mwisho, saa ya mwisho, mwandiko kama kuku amepita kwenye majivu. Wenzake walileta wiki nzima kabla. Nikaona sura ya nne ya yule muuguzi inazungumzia wodi hiyohiyo, nikasema hii nitairudia umeme ukitulia. Umeme haukutulia. Nikakupa ripoti mkononi, mama, si nilikupa? Ukaangalia jalada ukakimbia. Sasa kichwa chako kilikuwa wapi?"

"Ungeniambia hukuimaliza."

"Ungesoma."

Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililowazidishia hasira.

"Njoo kwenye kamati, wifi," Taratibu akasema. "Uwaambie ulivyofanya. Karatasi zangu za mkono mlizichoma pamoja na maboksi nyuma ya duka, sina kingine. Nina mdomo wako tu."

"Nije niwaambie kwamba nachanganya kazi za watu? Kesho nani ataniletea kazi? Chumba kile ni cha chuo. Kazi za chuo ndizo zinazokulisha hata wewe. Unataka kunitilia mchanga kitumbua changu kwa sababu uliona uvivu kufungua kurasa?"

"Watanifuta."

"Na mimi watanifungia duka."

Kaka akainua mikono juu kama mtu aliyesimamishwa na askari. "Msinigawane," akasema. "Huyu mdogo wangu, huyu mama wa mwanangu. Msinigawane." Kisha, akiangalia sakafu, akamwambia Taratibu, "Omba msamaha tu. Piga magoti. Wakubwa wanapenda kuombwa."

"Niombe msamaha kwa kuiba?"

"Kwa lolote. Yaishe."

Wifi akachukua sahani ya Taratibu mezani, ilikuwa bado na chakula, akaipeleka jikoni. "Ukinitaja kule," akasema akiwa amempa mgongo, "usiniite wifi tena."

Kujieleza kwake Taratibu alikuandika kwa mkono, kwenye benchi nje ya maktaba, mchana, watu wakipita na kumwita Baba Watoto. Alianza mara nyingi. Alipoandika ukweli wote, jina la duka lilitokea. Alipoliondoa, ukweli ulibaki kama meza iliyokatwa mguu. Mwishowe akaandika machache: kwamba sura ya nne si yake, kwamba hakuiiba, kwamba kosa lake ni kusaini bila kusoma, na kwamba sura yake halisi anaweza kuisema mbele yao. Akaisoma karatasi mara kadhaa. Akaikunja.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, feni iliyolia kwa kila mzunguko, na kabati la mafaili lililofungwa kwa kamba kwa kuwa mlango wake haukushika. Mkuu wa taaluma alikaa katikati, mtu mkubwa, miwani juu ya paji la uso. Mkasi kuliani kwake, mlezi kushotoni. Taratibu alionyeshwa kiti kilichokuwa mbali na meza, hivi kwamba hakuwa na pa kuweka mikono.

Mkasi alianza. Alikuwa ameshika yale maelezo ya mkono.

"Umeandika hapa, 'Sura ya nne si yangu na sikuiiba.' Kama si yako na hukuiiba, ilikuja kwa miguu yake?"

"Ilikuwamo kwenye kompyuta, mwalimu."

"Kompyuta ya nani?"

"Ya aliyenichapia."

"Nani alikuchapia?"

"Mtu."

"Mtu," Mkasi akamgeukia mkuu. "Amechapiwa na mtu. Tushukuru hakuchapiwa na mbuzi."

Mlezi akacheka, akajikohoza.

"Unasema ulikuwa na sura yako," mkuu akasema. "Haya. Ilisema nini?"

Hapo Taratibu alinyooka kidogo. Akawaambia habari za mzani. Mzani wa kupimia watoto ulitundikwa karibu na mlango wa wodi, mkabala na vitanda. Kila asubuhi mtoto mmoja alipovuliwa nguo na kuning'inizwa, alilia, na akilia yeye, walilia wodi nzima, hata waliokuwa wamelala. Dawa za asubuhi zikatapikwa. Aliangalia hivyo wiki nyingi. Pendekezo lake lilikuwa mzani uhamishwe kwenye kile chumba cha nyuma kilichokuwa na ndoo na fagio, na watoto wapimwe baada ya dawa, si kabla.

"Hadithi nzuri," Mkasi akasema. "Umekuwa na siku nyingi za kuitunga. Karatasi zako za mkono ziko wapi?"

"Zilichomwa."

"Zilichomwa." Mkasi akaandika neno hilo, akalipigia mstari. "Mtu asiye na jina, karatasi zisizo na majivu. Mkuu, mimi nimemaliza."

Mkuu akashusha miwani. Alionekana kuchoka, na uchovu wake ulikuwa mbaya kuliko dhihaka za Mkasi, maana ulionyesha kwamba kichwani mwake shauri lilikwisha kuamuliwa.

"Binti," akasema, "hapa hatufundishi watu kuuza nyanya. Tunafundisha wauguzi. Muuguzi akisaini kwamba ametoa dawa, ametoa. Huwezi kusaini kitu hujakisoma, halafu uje utulilie kwamba hukujua kilichomo. Mtu mzima husoma kabla ya kusaini. Sahihi ni kiapo. Huna la kusema?"

Taratibu alikuwa amekuja na barua yao mkobani. Alikuwa ameapa njiani kwamba hataitoa. Alifikiri atawaeleza habari za mzani, nao wataona kwamba mtu aliyeyaona hayo hahitaji kuiba. Hawakuona. Sasa mkono uliingia mkobani wenyewe.

"Ninalo swali, mkuu. Kuhusu shuka."

"Shuka gani?"

"Shuka mbili za bweni na ndoo ya bluu. Mmeniandikia nizirejeshe. Nimezitafuta sijaziona."

Akainuka, akaiweka barua mezani mbele ya mkuu, kidole chake kikiwa juu ya ule mstari wa mwisho, akarudi kwenye kiti chake. Mkuu akaisoma. Akaisoma tena. Feni ikalia mizunguko mingi.

"Wewe ulikuwa bweni?"

"Sijalala bweni hata siku moja. Mama mlezi anajua."

Mlezi akajishughulisha na kifuniko cha chupa ya maji.

"Sasa hii imeingiaje humu?" mkuu akauliza, lakini hakuwa akimwuliza yeye.

"Ndivyo nilivyotaka kuwauliza," Taratibu akasema. "Maana sura ya nne nami nimeikuta hivyohivyo. Sikuiweka. Nilisaini tu."

Mkasi akaacha kuandika. Uso wa mkuu ulikuwa umeanza kuvimba.

"Unanilinganisha na wewe?"

"Hapana, mkuu. Wewe hujaitwa kwenye kamati."

Maneno hayo yalimtoka kwa sauti ileile ya upole, na yalipokwisha kutoka ndipo alipoogopa. Mkuu alimtazama, na katika macho yake Taratibu aliona kwamba mtu huyu hatampenda tena maishani. Lakini barua ilikuwa mezani, na sahihi ilikuwa ya mkuu, kubwa, imepindwa mkia kwa madaha.

"Barua zetu zinachapwa wapi?" mkuu akamwuliza mlezi bila kugeuka.

"Pale getini, mkuu. Tangu mashine ya masijala ife. Hiyo ya shuka ni ya yule kijana wa... nadhani walisahau kufuta."

"Walisahau kufuta." Akamgeukia Taratibu. "Na wewe? Ripoti ulichapiwa wapi?"

Hili hakuwa amelipigia hesabu. Alidhani shuka zitasema, yeye atanyamaza. Akaona kaunta ya mbao. Akaona mgongo wa wifi jikoni, na sahani yake ikienda na chakula chake. Akasikia neno lile, usiniite wifi tena.

"Jibu," Mkasi akasema. "Au nalo limechomwa?"

"Palepale getini."

"Kwa nani?"

"Kwa wifi yangu."

Mlezi akasema, "Loo," polepole, kama aliyeona mtu akijikata kidole.

Walimtoa nje, wakamwita tena. Mkuu alisoma uamuzi bila kuinua macho. Kosa la wizi halikuthibitika. Kosa la uzembe limethibitika, kwa kinywa cha mtuhumiwa mwenyewe. Sura ya nne iandikwe upya na iletwe ikiwa imechapwa, na alama za ripoti hazitazidi za kupita. Chuo hakitapeleka tena kazi zake kwenye duka la getini, na mwenye duka ataandikiwa.

Mkasi alimsubiri mlangoni. "Usitembee kama umeshinda," akamwambia. "Umepona tu. Na sura hiyo nitaisoma mimi, kwa kalamu nyekundu."

"Hata mimi nitaisoma, mwalimu," Taratibu akasema, akapita.

Nyumbani habari zilimtangulia. Wifi alikuwa amekaa sebuleni, katikati ya majokofu, na hakuinuka.

"Umenitaja."

"Waliniuliza."

"Kaka yako naye angenitaja, kisha aseme waliniuliza. Kila mtu ameulizwa. Ni mimi tu sikuulizwa." Akaichukua simu yake, akaanza kuifuta kioo kwa ncha ya kanga, na kuanzia hapo hakumwambia neno. Chakula kilipoiva, alimwambia mwanawe, "Mwambie shangazi yako chakula kipo jikoni," wakati shangazi mwenyewe alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka hapo. Mtoto akaja akasema. Taratibu akajibu, "Mwambie mama asante." Mtoto akaona ni mchezo mpya, akakimbia huku na huku mpaka kaka akamfokea, na baada ya hapo hata mtoto alinyamaza. Maji ya moto hayakuwapo. Kitanda chake kilikuwapo, hakuna aliyekigusa, lakini kila asubuhi alikitandika kama mgeni anayetazamiwa kuondoka.

Sura aliiandika upya kwa nafasi yake, bila kukimbizwa. Mzani, mlango, kilio, chumba cha ndoo. Ilipokamilika, akaikunja akaenda nayo hadi getini.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka jingine la kuchapa, na foleni yote ya wanafunzi ilikuwa imehamia huko. Kwa wifi hapakuwa na mtu. Printa moja ilikuwa imefunikwa kitambaa. Taratibu alisimama kando ya barabara, akaangalia huku, akaangalia kule. Akivuka, wifi hatamsamehe. Asipovuka, wifi hatamsamehe vilevile, lakini angalau watakuwa wanatazamana.

Akaingia. Akaweka karatasi juu ya kaunta.

"Karibu, mteja," wifi akasema.

"Nataka kuchapa sura moja."

"Za mkono hizo?" Wifi alizivuta kwa kidole kimoja, akazitupia jicho. "Mwandiko umejitahidi." Akageukia kompyuta, akashika kipanya. Taratibu akaona mshale ukienda pale ulipozoea kwenda, kwenye orodha ya kazi za zamani.

"Nataka ukurasa mtupu."

Mkono wa wifi ukasimama. Kwa muda ilionekana kama atazirudisha zile karatasi. Kisha akafunga orodha, akabonyeza, na kioo kikawa cheupe, hakina jalada, hakina jedwali, hakina neno la mtu yeyote.

"Hii itachelewa," wifi akasema.

"Nitasubiri. Nitasoma nawe, mstari kwa mstari."

"Wateja husimama upande ule wa kaunta."

Taratibu alikuwa ameshika mlango mdogo wa kaunta, ule aliopita kila siku bila kubisha. Akauachia. Akarudi nyuma, akasimama upande wa wateja, akainama mbele kadiri ubao ulivyomruhusu ili akione kioo.

Wifi akaweka vidole tayari. Hakumtazama.

"Jina?" akauliza.

Taratibu akamtajia. Jina lake, la baba yake, ambaye ni baba wa mume wa huyu anayeuliza, na la babu. Akayataja yote matatu, akiyatenganisha vizuri, na akayasoma yalivyokuwa yakitokea kwenye weupe, herufi baada ya herufi, mpaka akaridhika kwamba ni yake.